Maswali ya Jikoni: Bata mzinga wa Krismasi na maji ya chumvi

Barua za mwezi huu zimetoka Nakuru, Kisumu na pande za magharibi, na karibu zote zinauliza jambo moja: namna ya kumlowesha bata mzinga katika maji ya chumvi kabla ya kumwoka, ili kidari kisikauke. Tumetanguliza vipimo, maana hapo ndipo wengi huharibikiwa.

SWALI: Hamjambo wa Jikoni. Nilifuata maelezo ya mpishi wa Marekani: kikombe kimoja cha chumvi kwa galoni moja ya maji, usiku kucha. Nyama ilitoka na chumvi isiyolika, na mchuzi ndio kabisa. Je, maji ya chumvi hayafai kwetu? — Msomaji wa Section 58, Nakuru

JIBU: Hatujambo, dada. Maji ya chumvi yanafaa. Kilichokuponza ni kikombe. Mapishi mengi ya Marekani hupimwa kwa chumvi ya chenga kubwa inayoitwa kosher. Ile nyepesi, inayopendwa na wapishi wengi wa huko, kikombe chake hakizidi gramu 140. Kikombe hichohicho ukikijaza chumvi yetu laini ya mezani kinafika karibu gramu 290. Galoni yao ni lita 3.8. Yaani wao walikusudia maji yenye chumvi ya asilimia tatu na nusu hivi, wewe ukapata zaidi ya asilimia saba. Na kama ulitumia kikombe kikubwa cha chai cha nyumbani badala ya kile chao cha mililita 240, basi ulivuka hata hapo.

Achana na vikombe, pima kwa uzito. Kipimo tunachokitetea ni gramu 50 za chumvi laini kwa kila lita ya maji. Ni rahisi kukumbuka: pakiti ya nusu kilo kwa lita 10. Bata mzinga wa kilo 5 huzama kwenye lita 6 au 7 ukitumia ndoo nyembamba inayombana, kwa hiyo chumvi ni gramu 300 hadi 350. Kama huna mizani, mwombe mwenye duka akupimie. Ikishindikana kabisa, tumia vijiko vitatu vya chakula kwa lita, vilivyosawazishwa juu kwa kisu. Kijiko cha mililita 15 hubeba gramu 17 au 18 za chumvi laini. Chenye kilima kinaweza kubeba karibu mara mbili ya hapo.

Sukari si lazima. Ukiitaka, tia gramu 25 kwa lita. Itasaidia ngozi kupata rangi na itapunguza ukali wa chumvi. Ikiwa utachoma juu ya makaa, iache, kwa sababu ngozi itaungua kabla nyama haijaiva.

Muda: ndege wa kilo 4 hadi 6 akae saa 12 hadi 16. Wa kilo 8, saa 18 hadi 24. Vipande vilivyokatwa, saa 2 hadi 4 tu. Ukizidisha, chumvi haiachi kuingia, na nyama hukazana na kuteleza kama hemu.

Kuna wanaopima kwa yai, wakiongeza chumvi hadi yai lielee. Hicho ni kipimo cha achari. Yai bichi la jana halielei mpaka chumvi ifike asilimia 10 au zaidi, mara mbili ya tunachohitaji hapa.

SWALI: Friji yangu ni ndogo, ndoo haiingii. Je, naweza kuacha ndoo jikoni usiku kucha ikiwa imefunikwa, maana chumvi huhifadhi nyama? — Mama Watoto, Kondele, Kisumu

JIBU: Hapana, mama. Chumvi ya asilimia tano haihifadhi nyama ya kuku wala ya bata. Samaki wa kukaushwa huhifadhiwa kwa chumvi nyingi mno pamoja na jua au moshi. Hapa tunatia chumvi ya kuonja tu, na vijidudu kama salmonela huishi humo bila taabu. Nyama inatakiwa kukaa kwenye nyuzi 4 za Selsiasi au chini yake muda wote. Mchana wa Desemba Kisumu hukaribia nyuzi 30. Wasomaji wa Nakuru nao wasijidanganye kwamba kwao kuna baridi: usiku wa Nakuru una baridi ya blanketi, si baridi ya friji.

Kwa ujumla, katika jikoni nyingi za huku chumvi si tatizo. Tatizo ni mahali pa baridi. Ndiyo maana, kama tungeulizwa njia moja tu, tungekwambia uiache ndoo na upake chumvi kavu.

Mkaushe bata kwa taulo za karatasi. Pima gramu 12 za chumvi laini kwa kila kilo ya ndege, sawa na vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa. Wa kilo 5 anahitaji gramu 60. Ingiza vidole taratibu kati ya ngozi na nyama ya kidari hadi ngozi iachane bila kupasuka, kisha paka karibu nusu ya chumvi humo ndani moja kwa moja juu ya nyama. Robo ipake mapajani, iliyobaki tumboni na juu ya ngozi. Mlaze kwenye sinia, bila kumfunika, katika rafu ya chini kabisa ya friji ili majimaji yasidondokee mboga. Saa za mwanzo utaona ametoa maji. Usiyamwage wala usimfute. Chumvi inayeyuka ndani ya maji hayo, kisha inarudi nayo ndani ya nyama. Baada ya saa 24 anafaa kupikwa, baada ya 48 ni bora zaidi, na siku tatu ndizo mwisho wake. Haoshwi tena, anatoka friji na kuingia ovenini.

Kama hata sinia haienei, mkate: miguu na mapaja kando, kidari na mabawa kando. Sehemu mbili huingia pale ambapo ndege mzima amekataa, na zinaiva vizuri zaidi kwa sababu unaweza kukitoa kidari mapema.

Ukishikilia maji ya chumvi, fanya hivi. Mtie bata kwenye mfuko mzito wa plastiki wa chakula pamoja na maji ya chumvi yaliyokwisha kupoa, utoe hewa, ufunge kwa nguvu. Weka mfuko ndani ya kisanduku cha baridi au ndoo kubwa, kisha uuzungushie barafu. Barafu ya wauza samaki ni nzuri kwa kazi hii mradi ibaki nje ya mfuko, kwa kuwa imeshagusa samaki. Njia nyingine ni kugandisha chupa za soda zilizojazwa maji, kuziosha nje na kuzizamisha ndani ya ndoo; zinapoza bila kuongeza maji. Ukitia vipande vya barafu safi moja kwa moja, vihesabu katika maji: kilo moja ya barafu ni lita moja. Pima joto la maji kabla ya kulala na alfajiri. Likipanda juu ya 4, ongeza barafu. Bila kipimajoto, njia hii usiijaribu.

Stima ikipotea, friji isiyofunguliwafunguliwa hushika baridi kwa saa 4 hivi. Ukiona haitarudi kabla ya hapo, mwoke mara moja.

SWALI: Tuna dume la bata mzinga la miaka miwili, linatembea shambani kutwa. Je, maji ya chumvi yatalilainisha? Na tulichinje lini? — Msomaji wa Bungoma

JIBU: Halitalainika kwa chumvi. Maji ya chumvi yana kazi moja: huyeyusha baadhi ya protini za misuli, nyuzi za nyama zikavimba na kushika maji, na zinapopashwa moto hazijikamui kama kawaida. Ugumu wa ndege mzee unatokana na kitu kingine, yaani kano na utando unaoshikilia misuli, ambao huongezeka kwa umri na kwa matembezi. Huo huyeyuka kwa moto wa polepole wenye unyevu, saa nyingi. Ukimlowesha dume wa miaka miwili kisha ukamwoka, utapata nyama yenye maji na ugumu pamoja.

Mkate vipande, mchemshe kwa moto mdogo saa 2 hadi 3 katika maji yenye chumvi kidogo, kitunguu na tangawizi, mpaka uma upenye pajani bila ubishi. Kisha mtoe, mkaushe, mpake mafuta, mpitishe juu ya makaa au ovenini hadi apate rangi. Kumbuka maji hayachemki kwa joto lilelile kila mahali: Kisumu huchemka karibu nyuzi 96, Nakuru karibu 94, na nyama ngumu hutambua tofauti hiyo. Sufuria ya presha inaondoa kero hiyo na kufupisha muda kwa zaidi ya nusu.

Wanaonunua sokoni wampime umri kabla ya kulipa. Bonyeza ncha ya nyuma ya mfupa wa kidari: kwa ndege mchanga inapinda kama sikio, kwa mzee ni mfupa mkavu. Tazama pia mwiba ulio nyuma ya mguu wa dume. Ukiwa mrefu na mkali, huyo ni wa sufuria.

Kuhusu kuchinja: nyama yoyote hukakamaa saa chache baada ya kuchinjwa, na ukiipika katika hali hiyo inakuwa ngumu hata kama ndege ni mchanga. Mila ya kuchinja alfajiri ya Krismasi na kula saa saba mchana inafaa kwa kuku wa mchuzi. Kwa bata mzinga wa kuoka inamharibu. Ndege mchanga mchinje tarehe 22, mnyonyoe, mtoe matumbo, mtumbukize katika maji ya barafu mpaka apoe hadi ndani, umweke kwenye friji. Tarehe 23 jioni mpake chumvi au mzamishe. Anayeloweshwa atoke tarehe 24 asubuhi, apanguswe, akae wazi kwenye friji hadi Krismasi. Maini, firigisi na shingo usivitie ndani ya maji ya chumvi. Viweke kando kwa supu.

SWALI: Nyanya yangu hupikia mboga munyu wa majivu, musherekha. Naweza kuutumia kulowesha badala ya chumvi ya dukani? — Vihiga

JIBU: Uache kwenye mrenda na kunde, unakostahili. Munyu huo unaochujwa kutoka kwenye majivu ya maganda ya maharagwe au ya ndizi una potasiamu kaboneti kwa wingi, si chumvi ya kula. Hulainisha majani na kuyatunza rangi kwa sababu una ukali wa magadi. Kwenye nyama, ukali huohuo hufanya sehemu ya juu iteleze na kuonja kama sabuni, na chumvi unayoitaka ndani haifiki. Magadi yenyewe yana tabia hiyohiyo. Ama kuhusu madini joto yaliyotiwa kwenye chumvi ya dukani, ambayo wengine huyaogopa, kwa kipimo hiki huwezi kuyaonja.

SWALI: Nyumbani kwetu kuku huoshwa kwa ndimu. Ndimu ngapi kwa ndoo ya lita 10? Na je, nitie rozmari, vitunguu saumu na masala humo? — Lanet

JIBU: Ndimu usitie hata moja. Asidi huivisha nyama ya juu ikiwa bado mbichi. Baada ya saa 12 utakuta imekuwa nyeupe na yenye kubomoka kama unga. Kipande cha ganda kwa harufu hakina neno, ila juisi na siki zisubiri mezani. Na kuosha kwenyewe, kwa ndimu au bila ndimu, hakuui vijidudu. Kunavirushia kwenye sinki, vikombe na kachumbari. Moto ndio unaoua.

Viungo ni suala la pesa zako. Chumvi na sukari husafiri ndani ya nyama. Harufu nyingi za viungo hubaki juu tu, kwa kuwa chembe zake ni kubwa au hupendelea mafuta kuliko maji. Ndoo iliyojaa rozmari hunukia vizuri, kisha manukato yote humwagwa na maji. Viponde viungo hivyo na siagi isiyo na chumvi, uvipake chini ya ngozi kabla ya kuoka. Jihadhari na viungo vya mchuzi vya pakiti, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni chumvi na vitaharibu hesabu yote tuliyofanya juu.

SWALI: Sufuria yangu kubwa ni ya alumini. Inafaa? — Njoro

JIBU: Kwa kulowesha, hapana. Chumvi ikikaa usiku kucha huila alumini, sufuria hupata vidoa na nyama hupata ladha ya chuma. Tumia ndoo ya plastiki ya chakula, chuma cha pua au enameli isiyobanduka. Ndoo ya rangi, hata ikioshwa mara kumi, ibaki ya kupigia deki.

SWALI: Nimenunua bata mzinga wa barafu kutoka supamaketi, kilo 6. Namyeyusha kwanza au namtia kwenye maji ya chumvi hivyohivyo? — Milimani, Kisumu

JIBU: Kwanza soma lebo. Ndege wengi wa barafu wameshadungwa maji ya chumvi kiwandani. Orodha itataja maji, chumvi, pengine fosfeti. Huyo usimloweshe wala kumpaka chumvi. Mkaushe, mpake siagi, mwoke.

Kama lebo inataja bata mzinga peke yake, myeyushe ndani ya friji: siku moja kwa kila kilo 2 hadi 2.5, yaani siku tatu kwa wako. Ukichelewa, mzamishe katika maji baridi akiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, ubadilishe maji kila nusu saa. Hesabu karibu saa moja kwa kilo. Ukimtia kwenye maji ya chumvi akiwa bado jiwe, nje itajaa chumvi huku kifuani haijafika.

Na maji ya chumvi yenyewe yawe baridi kabla ndege hajaingia. Chemsha lita moja tu ili chumvi iyeyuke, kisha ongeza yaliyobaki yakiwa ya baridi.

SWALI: Nilimlowesha vizuri, nyama ikawa tamu, lakini ngozi ilikuwa laini kama mpira. Halafu karibu na mfupa palikuwa na rangi ya waridi, wageni wakakataa kula. — Kakamega

JIBU: Ngozi iliyokunywa maji lazima ikaushwe. Ukimtoa kwenye ndoo usimwoshe. Mpanguse ndani na nje, umweke wazi kwenye friji saa 8 hadi 24. Ngozi itakuwa kavu kama karatasi ukiigusa. Ukiruka hatua hiyo, dakika za mwanzo ovenini zinatumika kuchemsha maji ya ngozi badala ya kuikausha. Usimfunike kwa karatasi ya alumini tangu mwanzo pia. Funika kidari tu, pale rangi inapozidi.

Moto wa nyuzi 165 unatosha: kilo 5 bila kujazwa kitu tumboni huchukua karibu saa 3, lakini ndege aliyeloweshwa anaweza kuwahi, kwa hiyo anza kupima baada ya saa 2. Chomeka kipimajoto sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa, kisha sehemu nene ya kidari. Kote kukifika nyuzi 74, ameiva, rangi iwe ya waridi au isiwe. Ndege mchanga hutoa rangi kutoka kwenye uboho, na moshi wa makaa huongeza. Wageni waonyeshwe kipimajoto. Mpumzishe dakika 20 hadi 30 kabla ya kumkata.

Kwa wasio na oveni: vipande vilivyoloweshwa saa 3 vinaiva vizuri kwenye sufuria nzito yenye kifuniko, moto mdogo chini na makaa machache juu ya kifuniko. Tanguliza mapaja, na kidari kifuate dakika 30 baadaye.

SWALI: Mchuzi wa majimaji ya trei huwa na chumvi kali. Nasikia viazi hufyonza chumvi. — Free Area, Nakuru

JIBU: Kiazi hufyonza mchuzi pamoja na chumvi yake, na kilichobaki sufuriani kinabaki na ukali uleule. Dawa ni kuongeza kisicho na chumvi. Chemsha shingo, firigisi na ncha za mabawa bila chembe ya chumvi saa moja na nusu, upate lita moja ya supu. Pika unga na siagi hadi upate rangi ya hudhurungi, mimina supu hiyo, ndipo uongeze majimaji ya trei kijiko kwa kijiko huku ukionja. Mara nyingi robo yake tu inatosha. Mchuzi wa kuchovya chapati uwe mwepesi zaidi wa chumvi, maana chapati nazo zina yake.

SWALI: Maji yaliyobaki naweza kulowesha kuku wa mwaka mpya? Au nimwagie migomba? — Siaya

JIBU: Yote mawili hapana. Yana damu na vijidudu vya nyama mbichi, na chumvi yake imeshapungua kwa kiasi usichokijua. Migomba haipendi chumvi, wala sukuma wiki. Mwaga kwenye mtaro au choo kwa maji mengi, kisha sugua ndoo na sinki kwa sabuni, uzisuuze kwa maji yenye dawa ya klorini kabla ya kuanza kukatakata kachumbari.